Neno la Zamani Lilifungua Lango

Kosa ni langu, msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Nimelificha tangu miaka ya tisini, nilipokuwa mkuu wa ulinzi katika ghala la vinyago vya mawe huko Tabaka. Cheo kikubwa! Nilikuwa na digrii, meza, na walinzi watatu.

Tulitumia redio za mkononi. Aliyetaka kufunguliwa lango alitaja kwanza neno la siri redioni. Kisha mlinzi mmoja aliyefukuzwa kazi akatoroka na redio yake. Nikabadilisha neno, nikalituma kwa barua, maana yule mtu alikuwa akitusikia.

Kanuni niliitunga mwenyewe: barua ikishafika, mwendee kila mlinzi umtajie neno la zamani. Akikukatalia, ndipo ujue limebadilika.

Wawili niliwajaribu. Wa tatu alikuwa Mzee Ombati, rika la baba yangu. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya mtoto mbele ya watu wa umri wa babake. Nimtege mzee kama mwanafunzi? Thubutu!

“Tata, baba yangu, barua umepata?”

“Nimepata, mwanangu. Ama unadhani nimesokotea tumbaku?”

Tukacheka. Nikaweka alama ya ndiyo kwenye daftari.

Jumamosi hiyo, Mzee akiwa zamu peke yake, mimi nilikuwa kanisani nikiimba besi. Ghala lilivunjwa. Yeye walimpasua kichwa kwa nyundo.

Hospitalini alinishika mkono. “Mwanangu, yule wa redioni alitaja neno sawasawa. Nikafungua.”

Alidhani nitamsifu! Siku ya tatu akafa.

Na bado sijafika penyewe. Kwenye ripoti, kwa Kiingereza safi cha chuo kikuu, niliandika kwamba mlinzi alipuuza amri.

Baada ya mazishi mjane wake alikuja ofisini na koti la marehemu. Akatoa bahasha yangu. Gundi ilikuwa haijaguswa.

“Hakujua kusoma,” alisema. “Alikuwa akimngojea mjukuu afunge shule. Nilimwambia, nenda kwa huyo mkubwa wako akusomee. Akasema, ‘Nitamwambiaje mtoto msomi kwamba sijui?’”

Haya yangu na haya yake! Katikati, nyundo.

Ripoti sikuibadilisha. Jina lake bado limechafuka humo kwa mwandiko wangu.

Ndugu yangu unayelinda chochote, usiulize kama amri imefika. Nenda na neno la zamani, ubishe hodi. Ukifunguliwa, lia hapo hapo, mtu akiwa bado hai.