Mguu wa Mama Haukuzaliwa Vile

Wanawake waliomwosha mama yangu alipokufa walisema mguu wake wa kulia ulizaliwa bapa. Si kweli. Yangu ndiyo iliyozaliwa bapa, yote miwili, na haijaniuma hata siku moja.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kwenye njia ya Kabambare, shangazi aliamua kunitibu. Kila asubuhi alinifunga kokwa la chikichi chini ya wayo kwa kamba ya mgomba, ili nyama ipande. Nilichechemea mpaka ngozi ikatoboka. Mama akaikata kamba kwa kisu.

"Mulamu, huyu mutoto iko na miguu ya bata! Nani atamuoa?" shangazi akamfokea wifi yake.

"Mwanaume mwenye kuangalia uso."

"Kokwa lilimuponyesha dada yake!"

"Dada yake alikomaa tu."

Baba akachoka na kelele, akatutuma sote watatu dispensari ya Kasongo. Muuguzi alinimwagia maji miguuni, nikakanyaga sementi. Wayo mzima ukajichora. Shangazi akapiga makofi: "Si nilisema?"

Kisha muuguzi akanisimamisha kwa vidole. Chini ya wayo kukatokea upinde.

"Iko muzima," akasema. "Kwa watoto wengi unapanda wenyewe, kwa wengine haupandi. Kama hauumi, mumuachie akimbie."

"Na kokwa?" shangazi akauliza.

"Mukamue mafuta, mumupake hicho kidonda."

Mama akacheka, naye akajaribu kusimama kwa vidole, mguu mmoja mmoja. Wa kushoto uliinuka. Wa kulia ulikataa. Muuguzi akainama, akabonyeza chini ya kifundo, upande wa ndani, palipovimba. Mama akauma midomo.

"Tangu lini?"

"Tangu pamba ya mwaka jana."

Muda huo wote sote tulikuwa tukitazama miguu yangu.

Muuguzi alisema mshipa unaoshikilia wayo umechoka: apumzike, asibebe mizigo, avae viatu vigumu. Viatu hatukuwa navyo, na pamba ya serikali ilikuwa lazima.

Siku ya kupima pamba, shangazi alibeba kikapu cha mama juu ya chake.

"Mwenyewe iko wapi?" akauliza kapita, msimamizi wa mizani.

"Iko analala. Leo mimi ndiye miguu yake. Pima, ao nimwage hapa kwenye matope?"

Kapita akapima.

Msimu uliofuata shangazi aliugua kifua. Mama akarudi chini ya kikapu, na kabla ya mvua wayo ule ulikuwa umelala kabisa. Niliuona ukilala. Asiniambie mtu ulizaliwa hivyo.