Saa za Ziada za Fundi Bomba

Shangazi yangu ni msimamizi wa usafi kwenye zahanati, mjane, na kwa mdomo hana mpinzani. Serikali ilipoleta sera mpya, kwamba wenye makosa madogo wasirundikwe jela bali wafanye kazi za jamii, aliitwa semina. Afisa akaeleza kuwa adhabu ina shabaha nyingi: kulipiza, kutisha wengine, kumrekebisha mkosaji. "Mimi niandike kwenye kulipiza," Shangazi akasema, ukumbi ukaangua kicheko.

Basi si wakamletea mwizi wake mwenyewe! Fundi bomba aliyeng'oa koki tatu za zahanati yetu akanaswa nazo getini. Saa mia na ishirini za usafi, na Shangazi ndiye wa kujaza fomu kila siku. Loo, alivyomkimbiza na dekio! Mimi nipo mapokezi pale pale. Hata salamu yake hakuitikia.

Wiki ya pili, bila kutumwa, fundi akafunga koki upya, akaziba na bomba la wodi ya wazazi lililovuja miaka. Wiki ya tatu nikasikia Shangazi anacheka stoo. Wiki ya nne akaja na wanja. Wanja, jamani, kwenye Jiki na ndoo!

"Shangazi, yule anatumikia adhabu."

"Nyamaza wewe. Namrekebisha."

Wiki ya saba fundi bado anadeki. Ndipo barua ya mahakama ikafika: muda umepita, fomu inaonyesha saa tisini tu, mkosaji amekaidi, ajieleze au aende jela miezi sita. Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia. Nilimwona analia hivyo alipofiwa tu.

Kizimbani fundi aliulizwa mara mbili kwa nini hakumaliza. Shangazi akasimama.

"Mheshimiwa, alimaliza zamani. Tangu azibe lile bomba, siku ya saa sita mimi naandika saa moja."

"Kwa nini?"

"Zingeisha, asingerudi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nilitamani kupiga vigelegele. Hakimu akamgeukia fundi.

"Na wewe hukujua umemaliza?"

"Nilijua, mheshimiwa. Ziliisha Jumanne, wiki ya nne, saa nane mchana."

"Ukaendelea kudeki? Na leo ungekubali kufungwa?"

"Ningesema, angefungwa yeye."

Hakimu alivua miwani akaifuta muda mrefu mno. Fundi akaachiwa huru. Shangazi, kwa kuandika uongo kwenye fomu, akapewa saa ishirini za kudeki korido za mahakama.

"Atasimamiwa na nani?" karani akauliza. Fundi akanyoosha mkono.

"Si wewe! Teremka, nenda nyumbani," hakimu akafoka, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza Shangazi kuanza adhabu yake. Tulipofika, fundi alikuwa ameshajaza ndoo mbili, na nusu ya korido ilikuwa imeshadekiwa.