Siku Niliyowahesabu Ndugu Zangu

Nilipokuwa mtoto, kwetu watoto hawakuhesabiwa. Mbuzi walihesabiwa, magunia yalihesabiwa, siku za kungojea mgao wa unga tulizihesabu mpaka kichwa kikauma. Watoto, hapana. Bibi yangu, mama yake baba, alisema ukimtaja mtoto kwa namba, kifo kinasikia na kinakuja kuchukua mmoja. Alikuwa na neno lake la Kirundi, kirazira, yaani ni mwiko, na akishalisema mazungumzo yamekwisha. Jioni, kwenye kibanda chetu cha kambi ya wakimbizi Tanzania, alitugusa vichwani mmoja mmoja bila kusema kitu, na akimaliza alijua tumetimia. Nilimwamini. Sina hakika kama nimeacha.

Nayasimulia haya kwa sababu ya daftari. Naishi Musinzira, hapa Gitega, nashona nguo, na tangu mvua zianze naandika ukoo wetu kwenye daftari la shule la mwanangu: babu kamzaa nani, nani kaolewa wapi. Majirani wanadhani nimejifanya msomi. Wala. Namtafuta mdogo wangu Keza. Redio moja ya Muyinga imekubali kusoma tangazo letu, ila wanataka majina ya wazazi, watoto wote kwa mfuatano, na alama ya mwilini ambayo mtu hawezi kuibuni. Alama hiyo anaijua mama peke yake, na mama yuko kijijini kwetu Gishubi, ini limekwisha, hospitali wametwambia tumrudishe tu nyumbani.

Keza alipotea siku tuliporudi nchini. Alikuwa na miaka minne, mimi minane. Baba alikuwa ametangulia Gishubi kuona kama shamba la babu bado lipo, sisi tukafuata kwa lori: Bibi, mama, na sisi watoto. Pale Kobero, mpakani, ofisa mwenye karatasi akapanda kwenye lori.

"Bon, mama, uko na watoto ngapi?" alimwuliza Bibi.

"Niko nao."

"Ndiyo, ngapi?"

"Hawa hapa. Si unawaona?"

Malori yalikuwa yamepanga foleni nyuma yetu, ofisa amechoka, na mimi wiki ile mwalimu alikuwa amenisifia hesabu. Nikanyoosha kidole. Nilianza na kaka yangu mkubwa, nikajigusa kifua ilipofika zamu yangu, nikamalizia na Keza. "Sita," nikasema. Ofisa akaandika sita. Bibi alinichapa mkono ule ule ulionyooshwa, akaniambia taratibu, "We mtoto, umetuuza."

Muyinga tulishushwa tule na tubadilishe lori. Mvua ikatukuta na sahani mkononi, watu wakaanza kukimbilia kupanda na magodoro yao. Mama alikaa nyuma kabisa na mizigo, Bibi mbele, sisi katikati chini ya turubai. Bibi akageuka akatugusa vichwa. Alikuwepo kati yetu binti wa jirani, kimo kimoja na Keza. Mkono wa Bibi ulisita kidogo kichwani kwake, kisha ukaendelea.

Mimi nilihesabu. Kimoyomoyo, bila kidole, maana mkono ulikuwa bado unaniwasha. Tukawa watano. Nikarudia, tukawa watano. Lori lilikuwa limesimama bado, dereva anavuta sigara chini ya paa la duka. Lakini niliamini kwamba nikitamka watano itakuwa kweli, na nikinyamaza, labda Keza yuko kule nyuma kwa mama. Nikanyamaza njia nzima.

Baba alitupokea barabarani. Hakuhesabu. Alitutazama tu akauliza, "Keza yuko wapi?"

Alirudi Muyinga kesho yake, akarudi tena na tena. Hakuna aliyekuwa amemwona. Bibi alikufa akisema namba yangu ndiyo iliyomwita, na ndugu zangu tukigombana hunirushia hilo mpaka leo. Sikuwahi kuwaambia kwamba ninalo baya zaidi. Ile sita ya Kobero naweza kuishi nayo. Inayoninyima pumzi ni ile watano niliyoimeza.

Wiki iliyopita nilikwenda Gishubi na daftari. Mama alikuwa amelazwa uani juani, miguu imevimba. Nikamwomba alama ya Keza. Akageuza uso.

"Mama, nisaidie. Tangazo haliwezi kungoja."

"Usinipangie watoto kwenye mistari. Kirazira."

"Bibi amekufa, mama."

"Mwiko wake umekufa?"

Hasira ilinipanda. Namwona anavyokwisha, na bado ananiletea mambo ya Bibi. Nikaanza kulia, na lile neno likanitoka lenyewe. "Mama, mimi nilijua. Muyinga nilihesabu tukawa watano, nikanyamaza."

Kuku akaja akadonoa ukingo wa mkeka wa mama, hakumfukuza.

"Na mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Niliwahesabu mkipanda. Watano. Nikasema nimekosea, Keza atakuwa mbele na bibi yako. Kuhesabu tena niliogopa. Kumwuliza mama mkwe niliogopa." Akajifuta uso kwa kitenge. "Nimekuacha uubebe mzigo huu peke yako, mwanangu."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumtikisa. Miaka yote ndugu zangu walipokuwa wakinisema, yeye alikuwepo, anasonga ugali, anasikia.

Kisha akanyoosha kidole, kimebaki mfupa, kuelekea daftari. "Andika. Wa kwanza..." Akawataja wote kwa namba, kwa sauti, watu wakipita njiani. "Wa sita, Keza. Ana kovu nyuma ya goti la kushoto. Uji ulimmwagikia." Alisema ana, hakusema alikuwa na.

Sidhani namba inaua mtoto, na siwezi kuapa kwamba haiui. Ninachojua ni kwamba kwenye lori lile tulikuwa wawili tuliojua, na kila mmoja alimwogopa Bibi kuliko alivyoogopa kumpoteza Keza. Nikiukumbuka ule mkono uliosita, nadhani huenda tulikuwa watatu. Kwenye daftari, chini ya jina la Keza, nimeacha nafasi ya mume na watoto.

Tangazo litasomwa Jumapili. Mama hawezi tena kushika simu, wanamwekea sikioni, ananiuliza zimebaki siku ngapi. Namhesabia.