Wamefika, Mwalimu

Sauti aliingia upolisi akitaka kuendesha pikipiki. Alikwishajiona na kofia ngumu kichwani na miwani ya vumbi, akiwafukuza wezi wa mifugo. Lakini mkuu wa kituo alipomsikia akijitambulisha, siku hiyo hiyo alimkalisha kaunta, mbele ya simu ya mezani na redio ya mawasiliano, akamwambia sauti kama ile haipotezwi barabarani. Aliambiwa ni kwa muda tu. Muda wenyewe ukala karibu maisha yake yote ya kazi, watu wakamwita Sauti, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho.

Ilikuwa sauti tulivu, nzito kidogo kwa mwanamke, isiyopanda hata mambo yakichacha. Mji ule ulikuwa mdogo, umejitenga huko mwisho wa barabara, mahali ambapo basi likifika halina la kufanya ila kugeuza. Watu walipiga simu kituoni kwa mambo yasiyowahusu polisi hata kidogo: kuuliza kama basi limeingia, kumshtaki jogoo wa jirani, kuomba mume atishwe kidogo arudi nyumbani. Sauti aliwasikiliza wote. Kulikuwa na mlevi mmoja mwenye desturi ya kupiga simu ili awatukane polisi, na kila mara alimaliza kwa kuomba radhi na kuulizia hali ya familia. Shangazi wa Sauti, aliyeishi naye katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, alikuwa akisema mtoto huyu angeweza kuiba benki kwa simu, na wenye benki wakamshukuru.

Asubuhi ya tukio lenyewe ilianza kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Wahusika walikuwa bado wamesimama kaunta, kila mmoja akidai mwenzake aandikwe kwanza, simu ilipolia. Alikuwa mama mwenye duka mkabala na shule ya msingi. Alisema amesikia milio, akadhani ni tairi, kisha akamwona mlinzi wa shule ameanguka chini getini. Kabla hajamaliza, simu ya pili ikaanza kuita.

Mkuu wa kituo alitoka mbio na askari wawili waliokuwapo. Wengine walikuwa mahakamani, mji mwingine kabisa. Gari la kituo liliondoka mlango wa nyuma haujafungwa vizuri, na Sauti akabaki peke yake na simu zake. Hata wale wagomvi wa mpaka walikuwa wamekwishatoweka.

Ndipo alipopiga simu mwalimu wa darasa la tatu. Walifahamiana kwa salamu za sokoni. Mume wa mwalimu alikuwa seremala aliyetengeneza kabati la nguo la shangazi. Mwalimu alinong'ona. Alisema yuko na watoto wake chini ya madawati, mlango ameutia komeo kwa ndani, na aliyeingia na bunduki ni yule fundi umeme wa zamani wa shule, aliyeondoka kwa ugomvi. Anazunguka vyumba vya upande mwingine.

Sauti alimwambia akae mbali na mlango, awanyamazishe watoto, asikate simu. Akamwambia askari wako njiani. Ilikuwa kweli. Mtoto mmoja alianza kulia, na Sauti akamsikia mwalimu akimwimbia puani, polepole, kama mtu anayebembeleza kichanga.

Kisha redio ikakoroma. "Kaunta, tumefika," alisema mkuu wa kituo.

Sauti alihisi mabega yake yakishuka. Alikuwa amesubiri neno hilo tu. Hakuuliza kitu, alilichukua lilivyo, akaligeuzia upande wa pili.

"Wamefika, mwalimu. Askari wamefika."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu, akawaambia watoto kwamba polisi wamekuja. Kukawa na vurugu ndogo ya viti. Baadaye kidogo akasema anasikia hatua kwenye korido.

"Nawasikia, dada. Asante sana."

Sauti alisikia komeo likivutwa.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakujua askari walikuwa wapi. Alifungua mdomo kusema ngoja. Mlio ulitangulia. Baada ya mlio alimsikia mwalimu kwa mara ya mwisho, sasa kwa sauti kubwa ya darasani, akiwaambia watoto dirishani, watoke dirishani. Wakatoka. Mwili wake uliangukia mlango na kuuziba, na yule mtu, aliyeusukuma mara moja mbili, akaachana nao. Darasa lile watoto wote walipona. Sauti hakuyajua hayo wakati ule. Aliendelea kuita "mwalimu, mwalimu" kwenye simu isiyojibu, huku kwa mkono wa pili akiitikia redio.

Askari walikuwa getini. Walikuwa wamefika kweli, wakainama nyuma ya ukuta wa uzio, na kati yao na madarasa ulikuwepo uwanja mtupu usio hata na mti. Mkuu wa kituo alikuwa amewapigia wakubwa wake kule makao makuu, akaambiwa asiingie mpaka kikosi maalumu kifike. Hakuwa mwoga. Mwaka wa mafuriko alijifunga kamba kiunoni akamtoa mtu mtoni, huku watu wakimpigia kelele arudi. Lakini aliambiwa asubiri, akasubiri. Wazazi walijaa barabarani. Baba mmoja alipanda ukuta, na askari yule yule aliyekuwa akicheza naye bao kila Jumapili akamvuta chini kwa shati mpaka likachanika. Kikosi kilipofika, jua limekwishakuwa kali, kilimkuta mwenye bunduki ameketi kwenye ngazi za ofisi, silaha imelala pembeni, anatazama viatu vyake. Walimkamata bila kurushiana hata neno. Alikuwa amekaa hivyo muda mrefu, walisema watoto waliokuwa wakimchungulia.

Tume ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa mji, na walioteuliwa walikuwa watu wa adabu. Walimuuliza Sauti kama alipokea taarifa ya redio na kuifikisha. Akajibu ndiyo. Walimuuliza kama aliifikisha kama ilivyosemwa. Ndiyo, kama ilivyosemwa. Mmoja wao alimsifu kwa utulivu wake, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Alisubiri swali linalofuata. Halikuja. Wakamwita shahidi mwingine, na Sauti akatoka nje.

Mkuu wa kituo naye hakupatikana na kosa. Aliomba kustaafu. Siku ya mwisho alipita kaunta kukabidhi funguo, akasimama pale kana kwamba amekuja kutoa ripoti ya kitu kilichopotea. Alizungumzia kidogo paa la kituo linalovuja. Mwishowe akauliza, bila kumtazama:

"Siku ile nilisema tumefika getini, au nilisema tumefika tu?"

"Ulisema tumefika tu, afande."

Mkuu aliitikia kwa kichwa taratibu. Alionekana kama mtu aliyekuwa akijua jibu ila alitaka alisikie kwa mwingine. Alivaa kofia yake, akaivua tena, akaondoka nayo mkononi.

Nyumbani Sauti aliacha kupokea simu. Ikiita aliitazama mpaka inyamaze. Shangazi alimvumilia kwa siku kadhaa, kisha akamkalisha jikoni akamwambia kwamba hajui kinachomla, lakini kama kina mwenyewe, akampelekee mwenyewe. Sauti alibisha kwamba ataongeza msiba juu ya msiba. Shangazi akasema hilo aliamue mfiwa.

Akaenda kwa seremala mchana, wakati wa kazi, makusudi ili asikaribishwe ndani. Alimkuta anapiga msasa fremu ya kitanda. Seremala alimpa kigoda, akakifuta vumbi kwanza. Sauti alimwambia yote kwa mpangilio: wimbo wa puani, redio, neno alilopokea na neno alilolitoa, komeo. Alimwambia kwamba hakuuliza wamefika wapi, na kwamba kuuliza kungechukua muda wa kumeza mate tu.

Seremala aliendelea kushika msasa bila kuutumia.

"Watu wote wananiambia alikuwa shujaa," alisema. "Alifungua mlango kwa sababu alidhani ni nyinyi."

"Ndiyo."

"Alikuwa anaogopa?"

"Mwanzo aliogopa. Nilipomwambia wamefika, hakuogopa tena."

Jirani alipita akasalimia, na hakuna aliyeitikia.

"Sijui nikwambie nini, dada," seremala alisema hatimaye. "Kukutukana siwezi, na kukwambia yamekwisha siwezi pia. Ila nashukuru hukuniletea maneno ya tume. Mama mkwe wangu usimwendee. Mwache na shujaa wake."

Sauti aliahidi, na ahadi hiyo ameitunza.

Mkuu mpya alimkatalia mara kadhaa kumtoa kaunta, akisema kituo kizima hakina mwingine kama yeye. Mwishowe akakubali kwa sharti kwamba amfundishe atakayeshika nafasi yake. Aliyekuja alikuwa binti mchangamfu, mwepesi wa kucheka, aliyepewa maelekezo yote ya redio kwa siku moja, na somo moja tu kwa wiki nzima. Askari akisema tumefika, muulize wapi. Akisema getini, muulize upande gani wa geti. Akikasirika, mwache akasirike. Binti aliona ni mambo ya ubishi wa kizee, na askari wa doria walimlalamikia mkuu kwamba kaunta siku hizi inahoji kama mahakama. Sauti alihamishiwa stoo, akawa anagawa betri na makoti ya mvua.

Amekwishastaafu. Wapo wanaomwambia asijilaumu, kwamba hata angeuliza, huenda mwalimu angefungua tu, au mlango ungevunjwa. Huwa anawaacha wamalize. Amejaribu kuiona siku ile bila neno lake ndani yake, na kila akijaribu anamwona mwalimu chini ya dawati, komeo limekaa mahali pake, hatua zinapita.

Seremala hajaoa tena. Wakikutana barabarani husalimiana. Salamu za seremala ni fupi, na Sauti hamdai ndefu.