Chovya Mwenyewe, Wifi

Pale kituo cha maziwa walimwita Mama Karatasi. Kazi yake ilikuwa kupima. Kila dumu lililoletwa alilifungua, akalinusa, kisha akachovya ukanda mwembamba wa karatasi iliyolowekwa dawa na kukaushwa. Ukibaki mweupe, maziwa yanapita. Ukigeuka buluu, basi mwenye maziwa ametia ile dawa ya povu ya kusafishia vidonda, ili yasichachuke njiani.

Kabla ya kazi hiyo alikuwa mke wa mtu. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa ini, na daktari aliwaeleza ndugu wote. Lakini palepale msibani wifi yake, dada wa marehemu, alimnyooshea kidole.

"Si huyu ndiye aliyekuwa akimpikia? Muulizeni alimtilia nini!"

Maneno hayo yalimtoa nyumbani kwake. Majirani wakawa hawapokei hata maji ya kunywa kutoka mkononi mwake. Akarudi kwa mama yake. Hakusahau hata neno moja.

Wifi alipoanza kuleta maziwa kituoni, hawakusalimiana. Mama Karatasi alichovya akiomba buluu, akapata nyeupe. Kila siku nyeupe. Roho ikamuuma: hata maziwa ya mwanamke yule ni safi!

Likaja joto kali. Asubuhi moja ukanda ukageuka buluu.

Utaratibu wa kituo ni kwamba kosa la kwanza mtu huitwa pembeni, akaonywa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaita wengine hivyo. Safari hii akautupa ukanda ule, akachukua mpya, akampa wifi yake mbele ya foleni nzima.

"Chovya mwenyewe, usije ukasema nimekutilia kitu."

Wifi akachovya. Karatasi ikaiva buluu, kila mtu akaiona.

"Kumbe! Na watoto wetu wanakunywa haya?" mtu mmoja kwenye foleni alimaka.

"Wifi yangu, nisitiri," mwanamke alinong'ona.

"Wewe ulinisitiri?"

Akayamwaga maziwa yale mtaroni polepole, ili wifi ayaone yakiisha. Akamfungia mlango wa kituo.

"Sasa moyo umetulia?" mama yake alimuuliza jioni.

"Bado. Nataka aseme."

Mvua zilipoanza, wifi alirudi. Hakuna aliyetaka kununua maziwa yake.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Usiniombe mimi. Geuka uwaambie hao."

Wifi akaigeukia foleni. "Kaka yangu alikufa kwa ini. Huyu hakumfanya kitu. Nilijua tangu siku ile."

Nilijua! Miaka yote Mama Karatasi alidhani mwenzake aliyaamini aliyoyasema. Alishika meza mpaka vidole vikamuuma. Kisha akachovya, akaona nyeupe.

"Mimina," akasema.

Tangu hapo humpokelea maziwa kila asubuhi. Salamu hajampa, na hana mpango.