Siku Niliyokataa Kubebwa

Tangu ajali ininyang'anye nguvu za miguu, nilikuwa nimezoea kubebwa. Kila penye ngazi, wanaume waliniinua na kiti changu cha magurudumu, nami nikifumba macho nikiomba wasiteleze. Kwetu Tukuyu mvua hainyeshi ikakoma, ngazi zina utelezi karibu mwaka mzima.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa wananchi kuhusu ukarabati wa soko letu, kwenye ukumbi wenye ngazi ndefu. Nilikwenda na mama, aliyekuja kunisalimia kutoka Ikuti. Magoti yake hayapandi tena ngazi. Wanaume walipokuja kuniinua, nikajisikia nikisema, "Leo sibebwi."

Mwenyekiti akatoka ukumbini. "Dada, tunachelewa. Si huwa wanakubeba?"

"Huwa wananibeba. Lakini sheria inataka niweze kuingia mwenyewe kwenye jengo la umma. Siombi hisani, mwenyekiti. Na mama je?"

Mama akadakia, "Atakayenibeba mimi na uzito huu, mtafutieni na wa kumbeba yeye!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akajikuna kichwa, kisha akaamuru mabenchi yatolewe nje.

Tukafanyia mkutano kwenye nyasi. Manyunyu yakashuka, watu wakabanana chini ya miavuli na majani ya migomba, hakuna aliyeondoka. Nikaona wazee wakitoka nyumba za jirani, fimbo mkononi. Mmoja akasimama: "Mlidhani nimewasusa. Nilishindwa hizo ngazi tu."

Tukakubaliana hapohapo kwamba kabla ya soko, ukumbi upate njia ya mteremko.

Fundi alipokuja alichora njia fupi, iliyosimama kama paa. Nikamwambia inapanda mno. Akabisha. Nikahamia kwenye benchi, nikampa kiti changu ajaribu kwenye kilima cha pembeni chenye mwinuko uleule. Akasukuma magurudumu, akafika katikati, akarudi kinyumenyume hadi kwenye matope. Aliinuka akicheka kuliko sisi wote, akapima upya.

Zege lilipokauka, nilipanda peke yangu, polepole, mikono ikiniuma kwa raha. Mama, aliyerudi kutoka Ikuti kuiona njia hiyo, alinifuata ameshika bomba la pembeni, akisimama kila mara kusalimia watu.

"Ndaga fijo," akamwambia fundi, akimshukuru kwa mikono miwili.

Ndani, mkutano wa soko ulipoendelea, nilikaa mbele kabisa. Siku hiyo niliongea mpaka mwenyekiti akaniomba niwaachie na wenzangu nafasi.