Dirisha la Ghaliya na Rangi ya Biriani

Watalii kumi na saba walisimama kwenye kichochoro kimoja cha Kiponda, Unguja, shingo juu, simu mkononi, wanapiga picha dirisha la Ghaliya. Aliyewaongoza akawaambia kioo kile kina miaka mia moja na hamsini.

Kilikuwa na siku tisa.

Na aliyekitengeneza alikuwa nyuma ya kioo chenyewe, kajifunga kanga kiunoni, anatafuna kashata na kusikiliza.

Ngoja nianze mwanzo, maana habari hii ukiidaka katikati utasema Ghaliya ni tapeli. Kidogo alikuwa. Lakini hakuanza hivyo.

Ghaliya ana miaka arubaini na tatu. Anaishi peke yake katika nyumba ya Mji Mkongwe aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kazi yake ni kupaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Mkono wake hautetemeki. Anaweza kukuchorea jasmini kwenye kidole cha mwisho huku anabishana na simu.

Tatizo lake lilikuwa moja, na lilikuwa na jina. Bi Rahila.

Bi Rahila ni mjane wa miaka sitini na kitu. Dirisha lake linatazamana na la Ghaliya, na kichochoro ni chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mkono na mwiko unaonja mchuzi wa mwenzio. Wengine wana sebule. Bi Rahila ana dirisha.

Ghaliya akikaanga papa, kabla hajamgeuza upande wa pili, waliokaa barazani chini wanajua. Akinunua kitanda, wanajua kimekuja na mito mingapi.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni sambusa.

Kulikuwa na bwana mmoja, Abdulwahid, muuza vitambaa. Kafiwa na mke, mpole, kanzu yake inanukia udi tangu kona ya pili. Alipeleka posa kwa wajomba zake Ghaliya, na siku ikapangwa aje na dada yake, watazamane na kuzungumza. Ghaliya alipika tangu alfajiri. Mazungumzo yakaenda vizuri, dada mtu akasifu nyumba, kila mmoja akacheka pale panapostahili kucheka.

Wageni waliposhuka ngazi na kutoka nje, Bi Rahila akatoa kichwa dirishani. Akawaambia wa barazani, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki:

"Mpisheni shemeji yenu. Kala sambusa nne, na mbili kazitia mfuko wa kanzu."

Kichochoro kizima kikaangua kicheko. Dada mtu akamtazama kaka yake mfukoni. Abdulwahid akakaza mwendo bila kuaga, na tangu siku ile hakurudi, wala simu hakupokea.

Ghaliya alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, akaacha na kumwamkia Bi Rahila. Kwa Unguja, kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kutangaza vita.

Kwanza alitia pazia. Upepo ukalipeperusha, na zaidi ya hapo pazia lenyewe likawa habari: leo Ghaliya kashusha pazia, kuna jambo. Akafunga mbao za nje. Chumba kikawa giza, akampaka bibi harusi mmoja piko mpaka kwenye kiwiko bila kukusudia. Hapana, hiyo nayo haikuwa njia.

Aliyemwokoa ni mpwa wake Khairat, anayekaa Mtoni. Khairat alimwonesha video kwenye simu: mtu anachukua kioo cha kawaida, anakichora kwa gundi nyeusi, anajaza rangi, kikikauka kinafanana na vile vioo vya rangi vya majumba ya zamani. Mwanga unapita, jicho halipiti.

Ghaliya aliitazama mara tatu. Mara ya nne hakuwa tena anatazama video, alikuwa anaandika orodha.

Gundi nyeupe ya watoto wa skuli alinunua Mwanakwerekwe, chupa sita. Rangi nyeusi ya kuchorea, chupa moja. Rangi za chakula zilikuwamo jikoni, zile za kutilia biriani: nyekundu, manjano, kijani. Ya buluu aliipata kwa mpika keki.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Alipaka kioo kikiwa dirishani, kimesimama, na rangi zote zikateremka zikakutana chini, zikafanya kitu kama mchuzi ulioharibika. Kutoka ng'ambo akasikia mtu anakohoa kikohozi cha kicheko. Hakugeuka.

Kesho yake akazing'oa bawaba, akailaza milango miwili ya dirisha juu ya meza. Vioo vinane. Akavisugua kwa siki mpaka vikalia. Akachora maua kwenye karatasi, akaziweka karatasi chini ya vioo. Halafu akafanya jambo ambalo mtu wa kwenye video hakulijua: akachanganya gundi na rangi nyeusi, akaitia ndani ya koni ya hina.

Hapo ndipo Khairat alipoiweka simu chini. Mistari ilitoka myembamba, imejaa, imepinda pale anapotaka yeye. Mkono uliozoea ngozi za maharusi ulikuwa umepata ngozi isiyojikuna.

Akaiacha mistari ikauke siku nzima. Kisha akachanganya gundi na tone la rangi katika vikombe vya kahawa, akajaza ua moja moja, na kila kipovu cha hewa akakitoboa kwa pini. Mwanzoni ilionekana maziwa matupu, maziwa ya pinki, maziwa ya kijani. Khairat akasema imeharibika. Siku ya tatu ilipokauka, maziwa yakaondoka na ikabaki rangi peke yake, safi.

Akalirudisha dirisha mahali pake. Alasiri jua lilipogeuka, sakafu ikajaa maua. Ghaliya akasimama katikati, miguu yake ina rangi nne, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima akakaanga papa bila mtu kujua. Harufu, labda. Lakini mapande mangapi, hakuna.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi.

Siku ya tisa ndipo akaja Mudrik, mtembezaji wageni wa miaka mingi mjini, na wale watalii wake kumi na saba. Ghaliya akamsikia anasimulia habari ya tajiri mmoja wa karafuu, mwenye wivu, aliyeagiza kioo cha rangi ili mkewe aone nje na mtu asimwone ndani.

Ghaliya angeweza kusema ukweli. Badala yake alifungua upande mmoja wa dirisha, akachungulia, akamwambia Mudrik kuwa kasahau jambo moja: kioo kilikuja na meli mbili, moja ya kioo na moja ya fundi. Mudrik akaafiki kwa adabu, akatafsiri. Watalii wakaguna kwa mshangao.

Tangu hapo ikawa mchezo. Kila kundi, Ghaliya anaongeza kitu. Fundi akawa kipofu wa jicho moja. Mke wa tajiri akapewa jina. Wiki ya pili mke akafa kwa huzuni, watalii wawili wakalia, na Ghaliya akarudi ndani kucheka, uso kwenye mto.

Ndipo akatokea Abrahman, mwenye hoteli ndogo Uroa. Aliona picha mtandaoni, akaja mwenyewe. Alilitazama dirisha muda mrefu, akasema analitaka kwa ukumbi wake wa wageni, lote, na milango yake. Alisema atalipa vizuri na atamtilia dirisha jipya la kufanana.

Ghaliya akasema ngoja nifikiri. Usiku huo akalifikiria paa lake linalovuja. Asubuhi akampigia, akamwambia aje Jumapili.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, mlangoni kukabishwa hodi. Alikuwa Bi Rahila. Hajawahi kuvuka kichochoro kile tangu siku ya sambusa.

Aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akavua viatu.

"Nasikia unauza gundi," akasema.

Ghaliya akauliza gundi gani. Bi Rahila akamhesabia: chupa sita za Mwanakwerekwe, siki, pini, vikombe vya kahawa, vioo vimelazwa juu ya meza siku ya Jumatatu. Ghaliya akamkumbusha kuwa dirisha limezibwa.

"Ulipolipaka ulikuwa umeling'oa, mwanangu. Shimo lilikuwa wazi siku nne. Unafikiri nilikuwa natazama wapi?"

Bi Rahila akaendelea, na sauti yake haikuwa ile ya dirishani. Alisema habari ya tajiri mwenye wivu ni yeye aliyempa Mudrik, kwa ajili ya kufurahisha mji. Kudanganya mgeni anayepita, picha moja akaenda zake, hayo ni maskhara. Kumuuzia mtu uongo na kupokea pesa yake ni wizi, na marehemu baba yake Ghaliya hakumlea kwa wizi.

Hapo Ghaliya akapandwa na hasira ya wiki zote hizo. Akamwambia yeye hana uso wa kumfundisha mtu adabu, yeye aliyemvunjia ndoa kwa sababu ya sambusa mbili.

Bi Rahila akatazama mikono yake.

"Hakutia sambusa mfukoni," akasema. "Alitia futi kamba. Sambusa nilizizua mie."

Akamweleza. Siku ile Ghaliya alipokwenda jikoni na dada mtu, Abdulwahid alitoa futi kamba akapima chumba, ukuta hadi ukuta. Akagonga kuta kama anayenunua tikitimaji. Kisha akapiga simu, na kwa umbali wa mwiko Bi Rahila alisikia kila kitu: vitatoka vyumba vitano vya kulaza wageni, na mwanamke atapangishiwa kijumba Mwanakwerekwe, atazoea.

Ghaliya akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nilikuwa nshakuona unapeleka kitambaa cha harusi kwa fundi. Ungeniamini? Nikaona bora akimbie mwenyewe kwa aibu. Nilitaka kukwambia baadaye, lakini ulinipita bila shikamoo wiki zote hizi. Ningemwambia nani, dirisha?"

Mwishowe Ghaliya akasema, kwa sauti ndogo, shikamoo.

"Marahaba," akasema Bi Rahila. "Papa wako wa Alhamisi ulimwunguza. Nilisikia harufu."

Jumapili Abrahman alikuja na mafundi seremala wawili na mablanketi ya kufungia. Ghaliya hakumpa hata chai kwanza. Alichovya pembe ya kanga kwenye maji, akasugua jani moja la kijani mpaka likatoka lote, akampa pembe ile ainuse.

Abrahman akanusa. Akanusa tena.

"Biriani," akasema.

Akakaa kwenye kiti. Ghaliya akaomba radhi, akasema kosa ni lake. Lakini Abrahman hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Kumbe ameshaweka picha kwenye ukurasa wa hoteli, ameshawaambia wageni, na mtaalamu mmoja rafiki yake ameshaandika aya tatu kusifu kioo kile cha kale. Alimwomba Ghaliya jambo moja tu: asimwambie mtu kuwa yeye aliamini.

Kwa hiyo akarudi Uroa, akawatangazia wageni kuwa mwenye nyumba amekataa kuuza urithi wa mababu zake kwa bei yoyote duniani.

Unaona kilichotokea. Ghaliya alisema kweli mara moja, na uongo ukapata nguvu mara mbili. Watalii wakaongezeka. Alimfuata Mudrik amweleze yote, Mudrik akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bi Ghaliya, wewe kupaka. Kusema niachie mimi."

Alichofanya Ghaliya ni kuchukua maji ya moto na wembe, akakwangua kioo kimoja kati ya vinane. Kimoja cha katikati, kinachotazamana na Bi Rahila. Kikabaki kitupu.

Asubuhi yake jicho la Bi Rahila lilikuwa limeshafika. Lakini safari hii Ghaliya naye alikuwa amevuta kiti, ameshika kikombe, anatazama.

Na alichokiona ni hiki: Bi Rahila, ambaye mji mzima unajua ana sukari na hagusi kitu kitamu, amejificha nyuma ya kabati na kasha la haluwa, anakula kwa vidole.

Ghaliya akafungua dirisha. Barazani chini watu walikuwa wengi.

"Bi Rahila," akaita taratibu. "Daktari kasema kipande kimoja."

Baraza likacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kabla ya adhuhuri Bi Rahila alikuwa mlangoni kwa Ghaliya, mara ya pili katika wiki moja, kashika chupa mbili za gundi nyeupe. Akasema na yeye anataka maua. Ya kijani, na yazibe vizuri.

Nilichojifunza kwa hawa wawili ni kwamba jirani anayekuona kila siku anachosha, lakini kabla hujamziba macho, muulize kwanza kaona nini.

Ukipita Kiponda utayakuta madirisha yote mawili yanatazamana: maua ya rangi nne ni ya Ghaliya, ya kijani matupu ni ya Bi Rahila, na kila moja lina kioo kimoja kitupu katikati. Mudrik atakwambia yana miaka mia mbili.

Mwache amalize.